Kaboni Ikipungua, Kampuni za Sola na Upepo Hufaidi Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu na Malindi

Majibu haya ni ya wenye mashamba yanayotafutwa na kampuni za sola, wenye hoteli na mitambo ya barafu, mafundi, na yeyote anayewaza kununua hisa za kampuni ya stima. Bei zilizomo kwenye mifano ya hesabu ni za kukadiria. Weka tarakimu zako uone jibu lako.

Je, kampuni ya sola hulipwa kwa kupunguza hewa ya kaboni?

Kwa kawaida hapana. Hulipwa kwa kila kilowati-saa inayopita kwenye mita. Stesheni ya sola haitoi moshi, kwa hivyo haina kaboni yake ya kupunguza. Inachofanya ni kuchukua nafasi ya stima ambayo ingetoka kwenye mtambo wa mafuta. Faida ya hewa safi ni ya wote, na hakuna anayemwandikia mwenye stesheni hundi kwa ajili yake mpaka iwepo njia ya kuigeuza kuwa fedha.

Njia hizo ni nne: bei ya kaboni inayopandisha bei ya stima sokoni, vyeti vya kaboni (kimoja kwa kila tani iliyookolewa), mikopo nafuu ya wakopeshaji wenye malengo ya tabianchi, na sera za serikali kama msamaha wa kodi. Hapa pwani mbili za kwanza ndizo zinazosemwa sana barazani, na mbili za mwisho ndizo zinazojenga stesheni. Ile ya Langobaya, Malindi, yenye paneli za megawati 52 na uwezo wa kuingiza megawati 40 kwenye gridi, ilijengwa kwa mkopo wa taasisi za maendeleo za Uingereza na Ujerumani, ikaanza kuuza stima Desemba 2021 kwa mkataba wa miaka 20 na Kenya Power. Bila mkataba ule, mkopo usingetoka, hata kaboni iliyookolewa ingekuwa nyingi kiasi gani.

Nionyesheni kwa hesabu. Kaboni ina uzito gani kwenye mapato?

Chukua stesheni ya megawati 10 za paneli. Kwenye jua la pwani, kilowati moja ya paneli ikitoa kilowati-saa 1,600 kwa mwaka, jumla ni megawati-saa 16,000.

Stima ikiuzwa kwa senti 7 za dola kwa kilowati-saa, mapato ya mwaka ni dola 1,120,000. Sasa kaboni: tukisema kila megawati-saa imeokoa nusu tani, ni tani 8,000. Cheti cha tani moja kikienda kwa dola 3, ni dola 24,000. Hiyo ni kama asilimia 2 ya mapato, na bado hujamlipa mkaguzi, ambaye ada yake inaweza kula sehemu kubwa ya fedha hizo.

Linganisha na mambo yasiyotajwa kwenye mabango. Stesheni ikigharimu dola milioni 9, robo tatu ikiwa ya mkopo, deni ni dola milioni 6.75. Riba ikipanda kwa asilimia moja tu, mwaka wa kwanza unalipa dola 67,500 zaidi, karibu mara tatu ya fedha za kaboni. Mnunuzi wa stima akichelewesha malipo kwa siku 90, dola 276,000 zimekwama kwake. Ukikopa kuziba pengo hilo kwa riba ya asilimia 10, mwaka mzima unakugharimu dola 27,600. Kuchelewa huko peke yake kumemeza vyeti vyote.

Na kila asilimia moja ya stima inayokosa kuuzwa, iwe kwa hitilafu ya inveta (kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika) au gridi kukataa kuipokea, ni dola 11,200. Meneja makini hukimbilia inveta kabla ya kumpigia simu dalali wa kaboni.

Mbona Ulaya tunasikia kampuni za upepo zinanufaika na bei ya kaboni?

Kwa sababu kule stima huuzwa sokoni saa kwa saa, na bei ya saa ile huwekwa na mtambo wa mwisho kuitwa kazini, ambao mara nyingi ni wa gesi. Mtambo wa gesi hutoa karibu tani 0.4 kwa megawati-saa. Kwa kila tani lazima anunue kibali cha kuitoa; kibali kikiwa yuro 70, mwenye gesi huongeza yuro 28 kwenye bei yake. Mwenye upepo hanunui kibali lakini anauza kwa bei ileile iliyopanda. Februari 2023 kibali hicho kilivuka yuro 100.

Kenya haina soko la namna hiyo kwa kampuni hizi. Bei imeandikwa kwenye mkataba wa miaka 20. Kaboni ipande ishuke, Langobaya hulipwa bei yake. Hata kule Ulaya, kampuni zilizofunga mkataba wa bei moja hazionji kupanda huko. Kwa hiyo utafiti wa masoko ya Ulaya usiubebe mzima mzima ukauleta hapa.

Stesheni mpya ya sola Malindi inaweza kusajiliwa kuuza vyeti vya kaboni?

Ikiwa imeunganishwa na gridi, mlango ni mwembamba sana. Tangu 2020 shirika la Verra, lenye rejista kubwa kuliko zote kwenye soko la hiari (la wanunua vyeti wasiolazimishwa na sheria), halisajili miradi mipya ya sola na upepo ya gridi isipokuwa katika nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania, Uganda na Msumbiji zimo. Kenya haimo.

Sababu yao ni moja: paneli zimeshuka bei kiasi kwamba stesheni ingejengwa hata bila fedha za kaboni, na cheti hutakiwa kulipia kitu ambacho kisingetokea bila hicho cheti. Agosti 2024 baraza la kusimamia ubora wa soko hilo, ICVCM, likakataa kuzipa alama yake mbinu nane za vyeti vya nishati mbadala kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana vyeti vya sola na upepo huuzwa kwa dola chache.

Kuna njia ya pili, Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, ambapo nchi huuziana upungufu wa kaboni. Huko serikali lazima iidhinishe na itoe tani hizo kwenye hesabu yake, maana Kenya nayo imeahidi kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030 na haiwezi kuhesabu tani iliyokwisha kuuzwa. Kwa hiyo mtu akikujia na karatasi inayosema sola ya gridi itakuletea mamilioni ya kaboni, muulize mambo matatu: imesajiliwa rejista gani, kwa namba gani, na barua ya serikali iko wapi.

Cheti cha stima safi na cheti cha kaboni ni kitu kimoja?

Hapana. Cha stima safi huthibitisha kuwa megawati-saa moja imetoka kwenye jua, upepo au mvuke wa ardhini. Cha kaboni huthibitisha tani moja iliyookolewa. Stima ileile haiuzwi kwa vyote viwili. Soma mkataba wa kuuza stima kwanza, kwa sababu wakati mwingine haki za kaboni na za vyeti zimekwisha kupewa mnunuzi kwenye kifungu kimoja kifupi karibu na mwisho.

Kama dunia nzima inataka kaboni ipungue, kwa nini hisa za kampuni hizi zilianguka?

Kwa sababu mradi wa sola au upepo hulipiwa karibu wote siku ya kwanza, halafu hurudisha fedha polepole kwa miaka 20 au zaidi. Kinachouamua ni riba. Marekani riba ya benki kuu ilitoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Novemba 2023 kampuni ya Denmark, Ørsted, ilikata thamani ya mali zake kwa krona bilioni 28.4 na kuacha miradi miwili mikubwa ya upepo wa baharini Marekani, Ocean Wind 1 na 2. Ilikuwa imekubali bei ya kuuza kabla riba na vifaa havijapanda.

Malengo ya kaboni hayakubadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni gharama ya fedha. Lengo la kaboni huongeza kazi ya kampuni, lakini halisemi kazi hiyo italipa. Tena serikali ikitangaza lengo kubwa, wazabuni huongezeka, bei hushuka, na faida ya kila mmoja hupungua. Mnunuzi wa stima hufurahi, mwenye hisa hufikiri mara mbili.

Mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu uliposimamishwa, kampuni za sola na upepo zilipata pengo la kujaza?

Si moja kwa moja. Mtambo wa Kwasasi ulipangwa kuwa wa megawati 1,050. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, ikisema umma haukushirikishwa ipasavyo kwenye tathmini ya mazingira. Wakati huo mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa takribani megawati 1,900. Mtambo mmoja ungekuwa zaidi ya nusu ya mahitaji, kwa hiyo hapakuwa na pengo la kweli la ukubwa huo.

Faida ilikuwa ya upande mwingine. Mitambo kama ule hulipwa kwa kuwa tayari, ifanye kazi isifanye. Ungejengwa, Kenya Power ingekuwa na bili kubwa kila mwezi na sababu ya kukataa stima ya wengine. Mnunuzi aliyelemewa na malipo ya mitambo iliyolala huchelewesha malipo ya wote, na hapo hesabu yetu ya siku 90 hurudi.

Na upepo je? Lamu upepo haukosekani.

Ni kweli, hasa kusi inapovuma. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo kasi ikipungua kwa asilimia 10, nguvu hupungua kwa asilimia 27. Wawekezaji hupima kwa mlingoti mwaka mzima au zaidi kwa sababu hiyo, kusi na kaskazi na miezi tulivu ya katikati.

Lakini miradi ya upepo Kenya haikwami kwa upepo, hukwama kwa ardhi na nyaya. Ule wa megawati 90 uliopangwa Baharini, Mpeketoni, umezongwa na migogoro ya ardhi. Ule wa Kinangop, megawati 60, uliachwa 2016 baada ya upinzani wa wenyeji, fedha zikiwa zimeshatumika. Ule wa Turkana, megawati 310, ulikuwa na mitambo tayari mwaka 2017 ukakaa mpaka Septemba 2018 kungoja laini ya kupeleka stima. Mkataba ulimlinda mwenye mitambo, serikali ikalipa stima ambayo haikufika popote. Kaboni iliyookolewa muda huo: sifuri. Mapato: yapo. Mfano mzuri wa jinsi mambo mawili haya yanavyoweza kwenda njia tofauti.

Faza, Kiunga na visiwani, hali ni hiyohiyo?

La, huko ni tofauti kabisa. Nje ya gridi, sola inachukua nafasi ya dizeli moja kwa moja. Jenereta hunywa lita 0.3 hadi 0.4 kwa kilowati-saa, na kila lita ikiungua hutoa kilo 2.68 za kaboni. Hiyo ni karibu kilo moja kwa kila kilowati-saa, wakati stima ya gridi ya Kenya tayari ni safi kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mvuke, maji na upepo. Paneli ileile ikifungwa kisiwani huokoa kaboni nyingi kuliko ikifungwa Nairobi. Lamu na Kilifi zimo kwenye kaunti 14 za mradi wa KOSAP wa sola nje ya gridi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Tatizo ni ukubwa. Mradi wa kijiji kimoja hauwezi kubeba gharama ya ukaguzi wa kaboni peke yake, kwa hiyo vijiji vingi hukusanywa chini ya mradi mmoja. Na betri ndiyo gharama kubwa, maana watu huwasha taa na runinga jua limeshazama.

Nina mtambo wa barafu ya samaki unaotumia jenereta. Kaboni itanilipa nini?

Tuseme unatumia kilowati-saa 60 kwa siku. Kwa lita 0.35 kila moja, ni lita 21 kwa siku, lita 7,665 kwa mwaka. Dizeli ikiwa shilingi 170, unachoma shilingi 1,303,050. Kaboni ni tani 20.5. Hata mtu akikununulia tani kwa dola 5, unapata kama shilingi 13,000 kwa mwaka, asilimia moja ya unachomwaga kwenye tangi.

Sahau cheti, okoa mafuta. Barafu ina bahati moja: unaweza kuigandisha mchana jua likiwa kali, ukaihifadhi kwenye chumba chenye kuta nene za kuzuia joto. Barafu yenyewe inakuwa betri yako, na betri za kununua zinapungua. Angalia tu mota ya kompresa: ikianza kugeuka huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, na inveta iliyopimwa kwa matumizi ya kawaida itazima kila mara. Fungia kifaa cha kuwasha mota polepole, au chagua inveta kubwa zaidi. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati.

Ukiwa na stima ya Kenya Power, Sheria ya Nishati ya 2019 inakuruhusu kurudisha ziada kwenye gridi kwa mfumo usiozidi megawati 1. Kwa kanuni za 2024 unachorudisha hakihesabiwi kizima, hupewa nusu. Pima paneli kwa matumizi yako ya mchana, usizipime kwa ndoto ya kuuza.

Ni nini hasa hushusha utendaji wa sola huku pwani?

Joto kwanza. Paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzijoto 25. Juu ya bati la Malindi saa saba mchana hufika 60. Kwa paneli inayopoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi, umepoteza asilimia 12 bila hitilafu yoyote. Acha nafasi ya upepo chini yake, sentimita 10 au zaidi.

Pili chumvi. Ulizia paneli zilizofaulu jaribio la ukungu wa chumvi, IEC 61701. Bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Zile za kawaida zitaota kutu, na zikishikana na fremu ya alumini zinaila fremu. Viungio vya waya visiachwe vikining'inia au kulala kwenye maji. Inveta iwekwe ndani au upande usiopigwa na upepo wa bahari. Chumvi na unyevu pia huvujisha stima kutoka kwenye seli kwenda kwenye fremu, na safu nzima hupungua nguvu taratibu. Fundi asiyepima kila safu peke yake hulaumu mawingu.

Tatu kunguru. Kinyesi chao kikifunika seli moja, seli hiyo hupata moto kuliko wenzake na mwishowe huungua alama ya kahawia. Osha alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa maji matamu na brashi laini. Maji ya kisima yenye chumvi hukauka na kuacha utando mweupe, ukawa umesafisha ili uchafue. Kisiwani, ambako maji matamu ni ya kutafutwa, weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Paneli zenyewe si zilitoa kaboni kiwandani?

Zilitoa. Kwa makadirio ya 2014 ya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, ukihesabu maisha yote ya mtambo, stesheni kubwa ya sola ni gramu 48 za kaboni kwa kilowati-saa, upepo wa nchi kavu 11, makaa ya mawe 820.

Vyeti vikiuzwa, wenyeji hupata nini?

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inataka makubaliano ya maendeleo na jamii. Miradi ya ardhi, kama mikoko na misitu, hutoa angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Isiyo ya ardhi angalau asilimia 25, baada ya kutoa gharama za kuendesha. Neno "gharama" hapo ndilo la kukaziwa macho. Jamii isiyoomba hesabu ya gharama kwa maandishi itagawiwa asilimia ya kitu kidogo.

Ikiwa lengo la kijiji ni fedha za kaboni, mikoko ina nafasi nzuri kuliko paneli. Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza vyeti tangu miaka ya 2010, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Wanunuzi hulipa zaidi kwa mti unaofyonza kaboni kuliko kwa stima ambayo ingejengwa hata hivyo.

Nikitaka kujua kampuni inafanya vizuri, nisome nini kwenye ripoti yake?

Ruka ukurasa wa tani zilizookolewa, ambao huwa ndio wenye picha nzuri. Tafuta megawati-saa zilizouzwa ukilinganisha na zilizotarajiwa. Tafuta deni la wateja limekaa siku ngapi. Angalia mkopo ni wa sarafu gani na mapato ni ya sarafu gani: Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ikarudi hadi karibu 130, na kampuni yenye mkopo wa dola na mapato ya shilingi iliumia hata jua lilipokuwa kali. Angalia mkataba umebakisha miaka mingapi, na kama unalipa stima inayokataliwa na gridi.

Kwa anayetaka hisa, kampuni nyingi za sola hapa ni za binafsi na huwezi kuzinunua. KenGen ipo kwenye soko la hisa la Nairobi tangu 2006, na sehemu kubwa ya stima yake ni ya mvuke na maji.

Wakala anataka kukodi shamba langu kwa sola. Niulize nini kabla ya kutia sahihi?

Muulize kama ana mkataba wa kuuza stima au anakusanya mashamba tu ili auze mradi kwa mwingine. Kwa megawati moja ya paneli huhitajika ekari tatu hadi tano, kwa hiyo akitaka ekari 300 kwa megawati 10, uliza nyingine ni za nini. Kodi iandikwe italipwa lini hata ujenzi usipoanza, na muda wa kungoja uwe na mwisho. Uliza umbali wa kituo cha kuunganisha na gridi: shamba la Langobaya lina thamani kwa sababu laini ya kilovolti 220 ya Rabai kwenda Lamu inapita upande huo, na shamba lililo kilomita nyingi kutoka hapo halina bei ileile. Kifungu cha kaboni kitaje nani anamiliki haki hizo. Na cha mwisho kabisa kwenye mkataba kieleze nani ataondoa paneli, nguzo na saruji muda ukiisha, na fedha za kazi hiyo zimewekwa benki gani.